Wosia wa Mama Pindo, Uliosomwa Mwenyewe Akisikia

Jina lake lote, kwa anayelitaka lote, ni Mama Pindo binti Mwashi, mjukuu wa Mkunga. Huyo Mkunga, bibi yake, alipokea nusu ya watoto wa mtaa, na kila alipoambiwa asante alijibu, "Haya, tuonane mwakani," mpaka akina baba wakawa wanamkwepa njiani. Mwashi, baba yake, alijenga ukuta wa shule ya msingi ambao lori liliugonga siku ya mvua. Lori likavutwa kwa kamba, ukuta ukabaki na mkwaruzo tu. Mama yake alifua mashuka ya hospitali, akafa akiamini kwamba shuka la mgonjwa linastahili kunyooka kuliko la bwana harusi. Na yeye mwenyewe, Mama Pindo, amewavalisha watoto wa mtaa sare za shule tangu mababu wa leo walipokuwa na meno ya utoto. Mtu akikwambia huyo ni fundi cherehani tu, muulize hilo "tu" amelitoa wapi.

Jina la Pindo alipewa kwa kejeli. Mafundi wengine walishona sare kwa kipimo cha mtoto wa siku hiyo: sketi inafika hapa, inakatwa hapa, pindo jembamba kama uzi, kwaheri. Yeye aliacha kitambaa cha upana wa vidole vinne, akakikunja ndani, akakishikiza kwa mkono, mshono mwepesi ambao mama yeyote angeweza kuufumua kwa pini. Mtoto akirefuka, pindo linateremshwa, na sare inaanza maisha upya.

"Huyo anashona nguo na mtoto wa mwakani ndani yake!" mafundi wenzake walimcheka. "Mama Pindo! Utatufungisha kazi!"

Jina likashika. Naye akaliandika kwa rangi nyeupe juu ya mlango, herufi kubwa, wasije wakapata shida ya kulikumbuka.

Mlango wenyewe ulikuwa wa mbao mbili za buluu, umetazama barabara kuu, mahali ambapo kila anayekwenda sokoni lazima apite. Ndani mlikuwa na vyerehani vitatu vya kukanyaga, kimoja kizee kuliko vyote kikiitwa Bi Mkubwa kwa sababu hakikubali kuguswa na kila mtu. Palikuwa na meza ya kukatia ambayo baba yake aliiunganisha kwa mbao za jukwaa la uashi, bado ina matone ya saruji chini. Na ukutani, kioo kirefu cha kujipimia, cha tangu ujana wa mama yake, chenye ukungu kwenye pembe moja. Nyuma ya chumba hicho ndiyo nyumba ya kuishi, vyumba viwili na uwanja mdogo. Chumba, nyumba na vyerehani, Mama Pindo alivinunua kwa mguu wake mwenyewe ukikanyaga cherehani, na alipenda kulisema hilo kila akipata mwanya.

Mtoto wa kumzaa hakujaliwa. Ndoa aliijaribu mara moja, akairudisha kama kitambaa chenye upana wa uongo. Lakini kulea alilea. Wazazi walipofariki, alimlea mdogo wake wa kiume, ambaye siku hizi ni Kinyozi na mtaa mzima unamwita hivyo hivyo. Dada yao wa kati alipofariki naye, Mama Pindo akamchukua binti yake, akamfundisha kazi. Huyu binti anashona haraka, anasema haraka, anakula haraka, na jina lake ni Chapuchapu.

Sasa kulikuwa na nyumba moja mwisho wa barabara, ya watoto wenye miguu iliyopinda au iliyolegea, wanaofungwa vyuma miguuni wajifunze kusimama. Watoto hukaa hapo miezi mingi, na mama zao wengi hukaa nao, maana wametoka mbali. Inaendeshwa kwa michango ya watu wema. Mtaa unaiita Kwa Vyuma.

Mama Pindo aliifahamu kupitia suruali. Siku moja mama mgeni alipita mbele ya mlango amembeba mtoto mgongoni, na suruali ya mtoto ilikuwa imechanwa kwa wembe toka kiunoni hadi chini ili vyuma vipite, nyuzi zinaning'inia. Mama Pindo aliacha mteja katikati ya kipimo.

"Nani ameifanyia hivyo hiyo nguo?"

"Mimi, mama. Haipiti kwenye vyuma."

"Ingia ndani. Nguo haichanwi kwa wembe nikiwa hai."

Jioni ile mtoto alitoka na suruali inayofunguka pembeni yote kwa vifungo, inavalika akiwa amelala, amekaa, vyovyote. Na chini, bila shaka, pindo la vidole vinne. Kesho yake wakaja watoto wengine. Miaka ikapita, wao wanakuja tu. Kwa Vyuma hakuna aliyevaa nguo iliyochanwa tena, na hakuna aliyelipa. Mama zao nao wakaanza kuja kukaa kwenye benchi la chumba kile badala ya kukaa bure kutazama ukuta, wakajifunza kushika sindano, na wengine waliporudi kwao walirudi na kazi mkononi.

Hilo ndilo lililokuwa likimnyima raha Mama Pindo alipoona magoti yameanza kumgomea: siku yake ikifika, nani atashona suruali zile, na wapi?

Jibu la mtaa lilikuwa linafahamika. Kinyozi alikuwa akinyolea chini ya turubai, upande wa pili wa barabara, na kutoka kwenye kiti chake aliuona mlango wa buluu kutwa nzima. Dada yake akijaribu kuzungumzia habari za siku za mbele, alimkata. "Dada, acha kujichuria. Utaishi utuzike sote." Lakini wateja wakiwa wamefumba macho kwa povu, aliwaambia, "Pale kwa dada, inshallah siku moja, nitaweka vioo ukuta mzima." Na wateja wa kinyozi, kama ujuavyo, wana masikio.

Mama Pindo angeweza kuendelea kujikausha. Ila akafa fundi mmoja jirani, Mzee Kofia, mshonaji hodari wa makoti. Hakuacha neno. Kabla maua ya kaburi hayajanyauka, cherehani kimoja kilikuwa kwa shemeji yake, kingine kimepotea, na vitambaa vya wateja vimetupwa uwani vinanyeshewa. Mama Pindo aliokota pale kipande cha koti lililokatwa tayari, mkono mmoja bila mwili. Alikaa nacho mapajani kwa muda. Kisha akavaa viatu vyake vya kwendea mahali, akaenda kwa wakili.

Wakili alikuwa mwanamke kijana, ofisi yake ghorofani juu ya duka la dawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuandika wosia. Siumwi popote isipokuwa magoti, kwa hiyo usinitazame hivyo."

Wakili akacheka. "Mama, hunikumbuki? Sketi yangu ya darasa la kwanza uliishona wewe. Nilifika nayo la nne."

"La tano. Mama yako alikuwa bahili, lakini mwenye akili. Haya, andika. Chumba cha barabarani, vyerehani vyote vitatu, meza na benchi, viende Kwa Vyuma."

Wakili akaweka kalamu chini. "Mama, Kwa Vyuma ni jina la mtaani. Yule bwana wa vyuma chakavu, kule darajani, naye watu wanamwitaje?"

Mama Pindo akafikiri. "Kwa Vyuma," akakiri.

"Basi siku ya siku, atakuja na mkokoteni wake."

"Apime Bi Mkubwa wangu kwa kilo!" Mama Pindo alishika kifua. "Andika jina lao lile la serikalini, mwanangu. Liandike mara mbili."

Wakaenda hatua kwa hatua. Nyumba ya nyuma, ya Chapuchapu. Kioo kirefu, cha Kinyozi. Wakili akamweleza kwamba anayepewa kitu kwenye wosia asiwe shahidi wa wosia huo, kwa hiyo wakaitwa muuza dawa wa chini na mwalimu mstaafu wakaweka sahihi zao. Akamweleza pia kwamba mpaka siku atakayofumba macho, kila kitu bado ni chake, na akitaka kubadilisha neno, arudi tu.

"Na si kweli kwamba ukiandika ndiyo unakiita kifo?"

"Wangu niliandika mwaka juzi, mama. Mwaka uliofuata nikaolewa."

"Hapo sijui kama umenipa moyo au umenitisha," alisema Mama Pindo, akaweka sahihi yake ndefu aliyofundishwa darasa la saba, ile yenye mkia unaorudi chini ya jina zima kama mshono wa kumalizia. Karatasi akaziacha ofisini zitunzwe. Kifuani akasikia wepesi, kama mtu aliyevua nguo iliyombana.

Siku iliyofuata ilikuwa ya kupeleka nguo. Mama Pindo akafunga mzigo wa suruali, akatangulia Kwa Vyuma. Simu yake aliiacha kwenye droo ya Bi Mkubwa, mahali pake pa siku zote, kwa maana aliamini simu ikitembezwa inachakaa. Chapuchapu akabaki kumalizia vifungo, amfuate.

Yaliyotokea hapo, Mama Pindo alikuja kuyapata baadaye, naye aliyasimulia mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote. Kinyozi, akiwa na mteja kitini asiweze kuvuka barabara, alipiga simu ya Chapuchapu kumuulizia dada yake. Chapuchapu alikuwa anakanyaga cherehani kwa kasi, simu ameibana kati ya sikio na bega, pini mdomoni.

"Mama hayupo, mjomba. Ameacha wosia kwa wakili, ametoka, nami nafunga..."

Simu ikazimika, chaji imekwisha.

Sasa msomaji unajua alichosema. Mama ametoka, na karatasi za wosia ameziacha kwa wakili zikatunzwe. Lakini yapitishe maneno hayo kwenye pini na mlio wa cherehani, uyasikie upande wa pili wa barabara penye kelele za magari. "Ametoka" ikafika "ametutoka". Na mtu anayesemwa kwamba hayupo, ameacha wosia, ametutoka, huyo tena anangojewa nini? Kinyozi aliacha mteja na nusu ya kichwa imenyolewa, akakaa chini ya turubai palepale, akalia kama mtoto. Wakati huo Chapuchapu alikuwa ameshaacha ufunguo kwa jirani kama kawaida, ameshika njia ya Kwa Vyuma. Waombolezaji wakakuta mlango umefungwa, wakadhani mwili uko hospitali.

Saa za mchana Mama Pindo na Chapuchapu walikuwa wanarudi taratibu, wanabishana juu ya vifungo. Walipokata kona, Mama Pindo akasimama.

Mbele ya mlango wake palikuwa na viti vya plastiki vimejaa watu. Wanawake wamejifunika vichwa. Mtu ameegemea ukuta ameshika tama. Na sauti ya wifi yake, mke wa Kinyozi, ambayo haihitaji kipaza sauti, ilikuwa inapanda na kushuka.

"Chapuchapu," alisema Mama Pindo. "Kwetu kuna msiba."

Ndugu aliyebaki naye duniani ni mmoja tu. Wifi yake analia hivyo kwa ajili ya nani mwingine? Mama Pindo hakuuliza. Magoti yale yaliyokuwa yanagoma yalisahau mgomo. Aliuachia mfuko wake njiani, akaenda mbio amejishika kichwa. "Mdogo wangu! Jamani, mdogo wangu! Nilikubeba mimi, nikakuvisha mimi, leo unanitangulia!"

Wa kwanza kumwona alikuwa yule mteja wa nusu kichwa, aliyekuja kuomboleza hivyo hivyo alivyo. Akaruka kiti. Viti vikaanguka kimoja baada ya kingine. Mama mmoja akakimbilia nyuma ya ndoo. Wifi akaigeuza sauti katikati ya kilio ikawa mbinja, akakaa chini.

"Usinisogelee!" wifi alimwambia Mama Pindo. "Nilikulilia vizuri, waulize hawa! Nilikulilia kwa moyo!"

"Mume wako yuko wapi?" Mama Pindo hata hakumsikia. "Mmemlaza wapi mdogo wangu?"

"Halazwi! Yumo ndani, anapima!"

Mama Pindo akasukuma mlango wa buluu. Ndani ya chumba cha kushonea alisimama Kinyozi, mzima wa afya, macho mekundu kwa machozi, mikono imenyooshwa ukutani. Mkono mmoja mwanzo wa futi, mwingine mwisho wake. Futi yenyewe ya Mama Pindo, ile ya njano.

Kinyozi akageuka rangi ya majivu. Mama Pindo alimfuata akamkumbatia, akamshika masikio, mashavu, akamgusa kichwa kama anayechagua tikiti sokoni. Naye Kinyozi, alipoona ni mikono ya moto ya dada yake wa siku zote, akaangua kilio upya, na wakalia wote wawili, kila mmoja akimlilia mwenziwe aliyesimama mbele yake. Katikati ya hapo, ndani ya droo ya Bi Mkubwa, simu ikaita.

"Imekuwa inaita hivyo tangu asubuhi," mtu akasema kutoka mlangoni. "Kila ikiita tunalia."

Ndipo Mama Pindo alipojipangusa macho, akaiona futi.

"Ulikuwa unapima nini?"

"Dada, nilikuwa... mlango. Mlango, dada. Kama jeneza litapita."

"Mlango uko huku. Wewe ulikuwa ukutani."

Kinyozi akaificha futi mgongoni.

"Jeneza langu mlitaka kulining'iniza?"

Kule nje wakavunjika mbavu, hata wale waliokuwa wangali na machozi. Chapuchapu, aliyefika anahema na mfuko, alibanwa kwa maswali mpaka neno "ametoka" likatoka lilivyo, safi, bila pini. Akafunika uso kwa mikono. "Mama nisamehe, nilikuwa na pini mdomoni!"

"Siku nyingine uziteme kwanza," alisema Mama Pindo. "Umeniua na chaji ikakwisha."

Watu wakaanza kukusanya viti. Hapo akatokea wakili, jasho linamtoka, bahasha kifuani, maana Kinyozi katika msiba wake hakusahau kumpigia aje asome. Alipomwona mteja wake amesimama mlangoni amejishika kiuno, akaegemea nguzo ya umeme.

"Mama, nimepanda ngazi za hospitali mbili nakutafuta!"

"Pole, mwanangu. Kaa." Mama Pindo akatazama viti. Majirani wote walikuwepo. Jamaa wa karibu na wa mbali, hata wale ambao huja tu kwenye jambo. Yeye kwa muda mrefu alikuwa anahofia kitu kimoja: kwamba siku karatasi ile itakaposomwa, atakuwa amelala hawezi kujibu, na watu watasema fundi alizeeka akili, alidanganywa, haiwezekani amnyime nduguye. Na sasa watu wale wamekuja wenyewe, wamekaa, yeye akiwa na ulimi wake.

"Rudisheni viti," akasema. "Mmekuja kunizika, hamwondoki mikono mitupu. Wakili, soma."

"Hapa? Sasa?"

"Wangapi wanapata bahati hii? Soma, nina masikio."

Wakili akasoma kwa sauti ya mahakamani. Alipofika kwenye chumba cha barabarani na vyerehani, akataja lile jina la serikalini, na watu wakaangaliana hawalijui. "Ni Kwa Vyuma," Mama Pindo akafafanua. "Si wa mkokoteni. Wa watoto." Manung'uniko yakapita kwenye viti kama upepo.

Kinyozi alikuwa bado ameshika futi. "Na mimi?"

"Kioo kirefu," akasoma wakili.

"Kioo!" akadakia wifi, ambaye sasa alikuwa amepona kabisa. "Kaka wa tumbo moja, kioo! Wageni wanapewa chumba, damu inapewa kujitazama!"

Kinyozi akamgeukia wakili. "Hebu niambie, wewe msomi. Huo ni wosia wa marehemu, na marehemu huyu hapa anatukodolea macho. Leo una nguvu gani?"

"Leo hauna kazi," wakili akajibu kwa unyoofu. "Kila kitu bado ni cha mama. Anaweza kuubadilisha hata sasa hivi."

Kinyozi akasogea mbele, sauti ikashuka, na hapo hakuwa anafanya maigizo. "Basi ubadilishe, dada. Mimi nimezeekea chini ya turubai. Mvua ikinyesha nafunga. Watu wakisikia umewapa wengine, mimi nitapita wapi? Watasema dada yake hakumwona."

Ni kweli, hilo lilimchoma Mama Pindo. Alimwona yule mtoto mwembamba wa zamani, na alimwona mtu mzima mwenye mvi na futi mkononi. Huku nyuma, kwenye ukingo wa barabara, mama wawili wa Kwa Vyuma walikuwa wamefika na watoto wao kwa kufuata sauti za kilio, nao wamesimama hawajui kama wakae au warudi.

"Hiyo suruali uliyovaa," alisema Mama Pindo, "nani aliishona?"

"Wewe."

"Na ile ya darasa la pili, ulipoanza kurefuka kama mlingoti, nani aliifumua pindo?"

"Wewe, dada."

"Na ya tatu? Na kiti chako cha kunyolea, na mkasi wako wa kwanza, vilitoka chumba gani?"

Kinyozi akainamisha kichwa. "Hiki."

"Basi nisikilizeni, na wewe wifi uache kupumua kwa nguvu. Watu walinicheka nikikunja kitambaa ndani. Walidhani ni kitambaa kilichobaki. Pindo halibaki. Pindo unaliweka makusudi, hulioni, hulitumii, umelikunjia mtoto ambaye hajawa mrefu bado. Mdogo wangu, lako nililiweka, nikalifumua, ukalivaa lote. Umekua. Hiki chumba ndicho pindo langu la mwisho, na wale pale ndio bado hawajasimama."

Akanyoosha kidole barabarani. Mmoja wa watoto, aliyekuwa ameshikilia sketi ya mama yake, akadhani anaitwa. Akaanza kuja. Chuma kikalia kwenye changarawe, kikalia tena. Akazidi kuja mpaka alipofika kwenye kizingiti na kuushika mlango wa buluu, anacheka.

Kinyozi alimtazama mtoto, kisha suruali ya mtoto, kisha suruali yake. Akavuta makamasi.

"Kweli, dada. Mimi nimekwisha kukua." Akajipapasa tumbo. "Sasa nimebaki kupungua tu."

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika sokoni. Wifi mwenyewe akashindwa, akajifunika kanga usoni mabega yanatikisika.

"Lakini umeniomba nibadilishe," Mama Pindo akasema, na kicheko kikakatika. "Nami nabadilisha. Wakili, shika kalamu. Neno la kioo, lifute."

"Dada!"

"Lifute. Kioo kisingoje nife. Kinabebwa leo, na hawa vijana waliokuja kubeba jeneza, mikono yao iko tayari. Na hilo turubai lako, kesho tutazame jinsi ya kulibadilisha kwa bati. Nikiwa hai nina mkono. Nikifa nina neno. Mkono wangu ni wako, neno langu ni la watoto."

Vigelegele vilianzia kwa yule mama aliyejificha nyuma ya ndoo. Vikapokewa na wa Kwa Vyuma, vikapokewa na Chapuchapu, na msiba ukageuka kitu ambacho hakina jina. Kioo kirefu kikatolewa na watu wanne, kikavuka barabara kimesimama wima, magari yamesimama kukipisha, na ndani yake ulionekana mtaa mzima unatembea kinyumenyume, mlango wa buluu ukiwa katikati. Mteja wa nusu kichwa alikuwa wa kwanza kujitazama. Akapiga yowe.

Mama Pindo alikuwa amekaa kwenye benchi lake. Kinyozi akarudi kutoka kuvusha kioo, akamnyooshea futi, ameikunja vizuri.

"Samahani, dada. Chukua kifaa chako."

Hakuipokea. "Umekwishaanza kupima, usiachie njiani. Mimi magoti hayakubali tena kuchuchumaa kwa watoto wale. Chapuchapu atashona, na atawafundisha mama zao. Wewe, kila muhula ukianza, utakwenda Kwa Vyuma kuchukua vipimo. Ukiwa huko wanyoe kabisa, vichwa vyao vimekuwa vichaka."

Kinyozi akafungua futi polepole. Yule mtoto bado alikuwa kizingitini. Kinyozi akapiga goti mbele yake, akaizungusha futi kiunoni, kisha akaiteremsha juu ya vyuma mpaka kwenye kifundo, akasoma.

"Usimkaze kiunoni," alisema Mama Pindo kutoka kwenye benchi. "Weka kidole chako chini ya futi, apumue. Haya, urefu umepata ngapi? Sasa ongeza vidole vinne."